Mayai Kwenye Kioo

Alute alifika kwenye kibanda cha vitambaa cha Felista, katikati ya msongamano wa soko kuu la Singida mjini, akiulizia nusu mita ya neti nyeupe. Felista, ndani ya gauni la kitenge cha njano lililomkaa sawasawa, alimwangalia kwa jicho la utani.

"Shela ya nusu mita? Huyo bibi harusi ana kichwa kidogo hivyo?"

"Ya kunasia samaki, dada. Nafuga kambare wadogo nyumbani, hawazidi kidole."

Felista alicheka mpaka wateja wakageuka. Ikawa simu kila jioni, na haukupita mwaka Alute akapanga washenga waende Iguguno, kwa baba yake Felista, siku ya Jumamosi.

Kambare nao walikuwa wamegoma kutaga miezi minane. Alute alikinga maji ya mvua, akayamimina yakiwa ya baridi kwenye tangi la kioo ili wadhani masika yamefika. Jumatano asubuhi mayai yakaonekana yamegandia kwenye kioo kama punje za ulezi, naye kazi inamsubiri Manyoni. Akampigia Felista.

"Mpenzi, mchana yabandue taratibu kwa kidole, uyaweke kwenye beseni. Yakibaki humo, kambare wenyewe watayala. Nakuamini wewe tu."

Felista alifika saa saba, akamkuta mama yake Alute, aliyekuja kutoka Kinampanda kumwona mkwe mtarajiwa, ameshika dodoki, jasho linamtoka. Kioo kilikuwa kinang'aa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tazama huyu mwenzio alivyoacha kioo kikaota uchafu. Nimesugua mpaka kimetakata."

Mama alikuwa amejaa furaha. Msichana ambaye hata posa yake haijapelekwa atamshtakije mama mkwe? Felista akamshukuru.

Alhamisi mama aliondoka, na jioni Alute akarudi. Felista alimwambia kwenye simu kwamba mayai yamemharibikia mikononi, akaomba msamaha.

"Kila mara ulilalamika kwamba nawapenda kambare kuliko wewe," Alute alisema. "Sasa umeridhika? Washenga wasubiri kwanza."

Akakata simu. Felista angeweza kujisafisha kwa sentensi moja, lakini hakuisema. Alilia nyuma ya majora ya vitambaa, na kilichomuuma zaidi ni kwamba Alute alikuwa mwepesi hivyo kumdhania mabaya.

Ijumaa mchana Alute alisimama mbele ya kibanda, shati halijapigwa pasi.

"Mama kanipigia asubuhi. Kaniuliza kama kioo bado ni safi."

Felista akaweka mkasi chini. Kama Alute amemgombeza mama yake, basi ukimya wote wa Felista ulikuwa kazi bure, na nyumba ile angeiingia kwa jina la mchongezi.

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia kinang'aa. Nikamshukuru." Macho ya Alute yalikuwa yamejaa machozi. "Niliyemkosea ni wewe, Felista. Nisamehe."

Felista alimwacha asimame palepale, kwa sababu alistahili, akampimia mteja mita mbili za kitambaa na kuzikunja vizuri. Kisha akasema bila kumtazama:

"Waambie washenga wawahi kesho. Baba hapendi kungoja watu."