Maswali Aliyoulizwa Ella

Kila Jumamosi asubuhi, Ella na mama yake mdogo, Restituta, walitoka nyumbani kwao Buzebazeba na ndoo zao, wakaenda mwaloni Kibirizi, ufukoni panapoteremshwa samaki, kuanika dagaa. Ella alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kichanja alichoanikia kilikuwa cha marehemu mama yake, Ndayikunda. Aliposimama hapo akigeuza dagaa kwa viganja, huku akina mama wakiimba nyimbo za kanisani kila upande, alihisi kama mama yake yuko ubavuni anamwambia, "Taratibu, mwana wanje, mwanangu, usiwavunje." Hakuna mahali pengine duniani alipoisikia sauti ile.

Jumamosi moja aliingia ziwani kuosha dagaa walioshika mchanga. Kama walivyofanya akina mama wote, alikunja kanga yake hadi magotini isilowe. Kijana mmoja mbeba mizigo, jina lake Isaka, alipita nyuma yake, akaivuta kanga ile na kukimbia nayo ufukoni akiipeperusha.

"Nirudishie!" Ella alilia.

"Njoo uichukue basi!" Isaka alijibu, na wenzake wakacheka hadi wakashika mbavu.

Ella alisogea kwenye kina, akachuchumaa mpaka maji yakamfika shingoni. Alikaa hapo akitetemeka hadi Restituta alipokuja mbio na kanga nyingine. Dagaa wake walikwisha kuchukuliwa na mawimbi.

Kilichofuata kilimuuma zaidi. Jirani mmoja aliuliza, "Kwa nini ulikwenda kuosha peke yako?" Mwingine akasema, "Kwani ndani hukuvaa kitu kirefu?" Shuleni, Ziada aliyekaa naye dawati moja alimcheka. "Mimi nisingepita karibu na wabeba mizigo. Ulitaka wakuone, eh?" Lakini swali lililomchoma kuliko yote lilitoka nyumbani.

"Ulikunja kanga mpaka wapi, Ella?" Restituta aliuliza.

"Magotini, mama mdogo. Kama wewe."

"Mimi ni mtu mzima. Wewe ungeiteremsha. Sasa tumekuwa gumzo la mwalo mzima. Hutakwenda tena Kibirizi."

Restituta alisema hivyo kwa hofu, si kwa ubaya. Hata hivyo, tangu siku hiyo Ella alibaki nyumbani. Upepo wa ziwani ulipovuma jioni, ulileta harufu ya dagaa hadi mlangoni, naye aliacha kufagia akasimama tu, akiivuta harufu ile kwa macho yaliyofumbwa. Alijaribu kuikumbuka sauti ya mama yake, lakini kila siku ilizidi kufifia. Aliomba, "Ee Mungu, kama nilikosea, nionyeshe kosa langu. Kama sikukosea, nirudishe kwa mama."

Mwezi ukawa mpevu. Siku hizo mitumbwi hupumzika, kwa sababu dagaa hawazifuati taa za wavuvi kukiwa na mbalamwezi. Giza linaporudi, kuna desturi pale mwaloni: kila mwenye kichanja husimama penye kichanja chake asubuhi ya kwanza, aandikwe jina. Kichanja kisicho na mtu hupewa mwingine.

"Mama mdogo, kesho vichanja vinaandikwa," Ella alisema.

"Najua."

"Kama kanga iliyovutwa ingekuwa yako, ningekuuliza uliikunja mpaka wapi?"

Restituta aliweka ungo chini. Aliingia chumbani, na Ella akamsikia akiomba kwa muda mrefu. Asubuhi mlango ulifunguliwa. "Chukua ndoo," Restituta alisema. "Twende."

Walipofika, Ella alisimama kwenye kichanja cha mama yake. Bi Yunisi, katibu wa mwalo, alikuja na daftari lake.

"Shikamoo, Bi Yunisi."

"Marahaba, mwanangu."

"Usimwandike huyo!" alipaza sauti mama mmoja aliyeitwa Manariyo. "Ametuletea aibu. Apewe mwingine, na wasichana wote wakatazwe kuingia majini!"

Wengine waliitikia kwa vichwa. Bi Yunisi alifunga daftari. "Ella, tangu siku ile umeulizwa maswali gani?"

Ella alihesabu kwa vidole. "Kwa nini nilikuwa peke yangu. Nilivaa nini ndani. Kwa nini nilipita karibu nao. Nilikunja kanga mpaka wapi."

Bi Yunisi akageuka. "Isaka! Tua hilo tenga, njoo hapa. Na wewe umeulizwa maswali gani?"

Isaka alikuna kichwa. "Mimi? Hakuna aliyeniuliza kitu."

Restituta alisema kwa sauti ya chini, "Hata mimi sikumuuliza yeye. Nilimuuliza mwanangu."

"Basi mimi nakuuliza," Bi Yunisi alimwambia Isaka. "Kwa nini ulivuta kanga ya mtu?"

"Ulikuwa utani tu, Bi Yunisi."

"Naye alicheka?"

Isaka alimtazama Ella. "Hapana. Alikuwa analia."

"Ulimwona analia, ukaendelea kukimbia. Utani gani huo? Mwezi huu hutabeba mzigo hapa. Na atakayegusa nguo ya mtu tena, mvulana au mzee, hatarudi kabisa."

Isaka aliinama. "Nisamehe, Ella. Nilikukosea mimi."

Ella alifuta macho. "Nimesikia. Usimfanyie mtu mwingine."

Manariyo alitazama chini. Kanga yake mwenyewe ilikuwa imekunjwa magotini. Alisogea, akaanza kumsaidia Ella kutoa majani makavu juu ya kichanja.

Bi Yunisi aliandika jina la Ella, kisha akawageukia wote. "Jamani, mtu akitendewa ubaya, mtendaji ndiye wa kuulizwa. Tukimhoji aliyeumizwa, tunamuumiza mara ya pili, na yule mwingine anajifunza kwamba hana kosa. Heshima si kazi ya wasichana peke yao. Kila mmoja wetu anadaiwa heshima na mwenzake."

Ella alipangusa mbao za kichanja kwa kiganja. Restituta alikuja akasimama karibu naye.

"Mama yako angeanza na Isaka," alisema. "Mimi nilianza na wewe. Nisamehe, mwanangu."

Ella aliegemeza kichwa begani mwake, kisha wote wawili wakachukua ndoo zao, wakashuka majini.