Ua la Mkono wa Kushoto

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi mapazia, mtu asiyependa porojo. Marehemu dada yake aliacha skafu ya maua ya kroshia haijaisha, naye akaahidi kuimalizia kabla binti wa marehemu hajasafiri. Ila dada mtu alifuma kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo petali zake zilizunguka kinyume na za rafiki yangu.

Jioni ya mwisho uzi ukamwishia, limebaki ua moja. Akafunga mlango, wakaenda dukani yeye na binti. Waliporudi umeme umekatika. Akawa anapapasa tundu la kufuli, na mfuko wa uzi unachakacha mkononi, kidogo kidogo, bila kupumzika.

"Mama mdogo, mbona unachezea huo mfuko?"

"Siuchezei. Washa tochi."

Wakaingia. Hapakuwa na mtu. Skafu ilikuwa kitini alipoiacha, na ua la mwisho limeshaunganishwa. Binti akalimulika. Petali zilizunguka kinyume, kama za marehemu. Uzi wake haukuwa umekatwa. Ulishuka kitini, ukafuata sakafu hadi mlangoni aliposimama rafiki yangu, ukapanda na kuingia kwenye mfuko aliokuwa bado ameushika.