Ruta Ndani ya Kopo la Biskuti

Sebule ya Mama Sindano ilikuwa na cherehani tatu na hewa iliyojaa nyuzi. Mumewe alikata vitambaa. Yeye alishona. Binti yao alitia vifungo na kupiga pasi. Kila mkasi ulipopita, vumbi la pamba liliruka. Likatua kwenye chai, kwenye kope, hata kwenye kitabu cha sala.

Ndiyo maana Mama Sindano alifunika kila kitu. Vifungo vilikuwa na kopo lao. Chaki ilikuwa na kopo lake. "Kisicho na mfuniko si changu," alizoea kusema.

Wiki hiyo walikuwa wamewekewa intaneti. Fundi alivuta waya kutoka kwenye nguzo ya barabarani, akauchomeka kwenye kisanduku cheupe chenye taa ndogo. Kisanduku hicho huitwa ruta. "Kilindeni na vumbi," akasema, akaenda zake.

Mama Sindano si mtu wa kuambiwa mara mbili. Jumamosi alichukua kopo kubwa la biskuti, la bati. Akalitoboa chini, akapitisha nyaya, akaiweka ruta ndani. Akafunga mfuniko, akaridhika.

Jumatatu asubuhi simu ikalia. Alikuwa mtunza stoo wa hospitali moja ya mbali, mwendo wa siku nzima.

"Tunatafuta fundi wa sare za wauguzi," alisema. "Nitumie picha nane za sare ya mfano. Zifike kabla ya saa sita. Saa sita tunaingia kikaoni kuchagua."

Kazi ile ilikuwa ya mwaka mzima. Bila kazi ile, cherehani ya tatu, ya binti, ingeuzwa. Mnunuzi alikwisha kuja kuipapasa mara mbili.

Saa nne wakatuma picha kwa intaneti mpya, maana simu haikuwa na bando. Alama ya kusubiri ikazunguka, ikazunguka tu. Hakuna kilichokwenda.

Baba akamgeukia bintiye. "Umeimaliza intaneti kwa nyimbo zako!"

"Baba, intaneti si sukari, useme nimeilamba."

Mama Sindano alichukua simu, akatoka nayo barabarani. Akainyanyua juu ya kichwa.

"Mama, unaianika?" binti akauliza dirishani.

"Nyamaza. Natafuta."

Huko nje hali ikawa mbaya zaidi. Akarudi ndani, jasho likimtoka.

Saa tano na robo akaingia jirani yao, Dada Nguzo. Jina hilo alilipata kazini: hupanda nguzo na kuunganisha nyaya za intaneti. Alifuata suruali yake iliyopasuka gotini.

"Shikamoo, mama. Suruali tayari?"

"Marahaba, mwanangu. Suruali ni nzima. Mimi ndiye niliyepasuka." Akamweleza yote.

"Ruta iko wapi?"

"Ndani ya kopo. Salama salimini."

Dada Nguzo alilitazama lile kopo. Akauma mdomo asicheke. "Mama, umeitia jela."

"Si fundi alisema vumbi?"

"Alisema vumbi, hakusema bati. Simu yako haina waya. Inazungumza na ruta kwa mawimbi yanayopita hewani. Mawimbi hayo hupenya kitambaa, hupenya mbao. Bati huyazuia. Na ulipotoka barabarani ukawa mbali nayo zaidi."

Akafungua mfuniko, akaitoa ruta. Ilikuwa ya moto kama pasi iliyosahauliwa.

"Hata pumzi ilikosa," alisema. "Sasa tazama taa hii. Ikiwaka hivi, njia ya kwenda nje ni nzima. Ugonjwa ulikuwa humu humu ndani."

Binti akatuma tena. Picha ya kwanza ikaenda. Ya pili ikafuata.

"Na zikitoka hapa zinakwenda wapi?" Baba akauliza.

"Simu zenu na ruta hii ni mtandao mdogo, wa nyumba. Hospitali ina wake. Shule zina yao. Mitandao yote hiyo ikiunganishwa, nyaya zikipita ardhini na chini ya bahari, hiyo ndiyo intaneti. Haikai mahali pamoja. Wala picha haisafiri nzima. Hukatwa vipande."

Baba akainua mkasi. "Kama shati?"

"Kama shati. Kila kipande huandikwa kinakotoka, kinakokwenda na namba yake. Kwenye kila njia panda kuna ruta nyingine. Inasoma anwani, inakisukuma mbele. Kimoja chaweza kupita huku, kingine kule. Kule mwisho vinaunganishwa."

"Na mkono wa kushoto ukipotea njiani?" akauliza Mama Sindano.

"Namba zitaonyesha umepungua. Unatumwa upya mkono ule tu, si shati zima."

Picha saba zikafika. Ya nane ikaishia katikati. Zilibaki dakika kumi.

"Imekwama!" Binti akaishika simu, akakimbilia mlangoni.

"Rudi hapa, karibu na ruta," Mama Sindano akasema taratibu. "Mkono umepotea. Unaletwa."

Wakasubiri. Baba alisahau kuuweka mkasi chini. Kisha picha ikaondoka.

Alasiri mtunza stoo akapiga simu. "Zilifika zote nane. Kikao kimewachagua ninyi."

"Mungu ashukuriwe," alisema Mama Sindano, akaketi.

Ruta ikapandishwa ukutani, juu, mbali na meza ya kukatia. Kila asubuhi Mama Sindano huipangusa kwa brashi laini. Picha zikikataa kwenda, Baba hamgombezi tena mtu. Anaambiwa, "Kwanza tazama taa." Kopo la biskuti limepata nyuzi za rangi.

Mnunuzi alikuja mara ya tatu. Akamkuta binti amekalia cherehani, anashona mkono wa kushoto wa sare. Hakuinua hata kichwa.