Maneno Kumi na Mawili ya Raissa

Kila alasiri, akitoka shule, Swabra alipitia kwenye chumba cha kushonea cha baba yake katika mtaa wa Nyamugari, mjini Gitega. Alikata nyuzi zilizobaki kwenye nguo na kushona vifungo, huku baba yake, Mzee Othmani, akiendesha cherehani bila kuinua kichwa. Mama yake, Zuena, aliuza vitenge sokoni. Jioni aliwatumia wateja wake picha za vitenge vipya kwa simu. Swabra ndiye aliyepiga picha hizo, kwa hiyo simu ya mama ilikaa mikononi mwake zaidi kuliko mikononi mwa mwenyewe.

Swabra alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kumbukumbu yake ilijulikana mtaa mzima. Madrasani, ustadhi akisoma aya mara mbili, wenzake walikuwa bado wanahangaika na mwanzo wake, na yeye alikwisha kuishika yote.

Rafiki yake mkubwa hakuishi Gitega. Alikuwa Raissa, binti wa shangazi yake Zaituni, wa Muyinga. Tangu wakiwa wadogo, kila likizo Swabra alipelekwa Muyinga. Walilala kitanda kimoja na kula sahani moja, na majirani waliwaita mapacha wa Zaituni.

Sikukuu ya Idi iliyopita alikwenda tena, safari hii pamoja na mama yake. Alipoingia uani kwa shangazi, alimkuta Raissa amekaa na msichana asiyemjua, wakisukana nywele na kucheka.

“Huyu ni Vumilia,” Raissa alisema. “Ni jirani yetu. Tunasoma darasa moja.”

Vumilia alikuwa binti wa Manase, mkulima aliyekulia Tanzania na kurudi Burundi na familia yake miaka michache iliyopita. Alimwamkia mama yake Swabra kwa adabu, kwa Kiswahili kilichonyooka kama cha redioni.

“Sikia mtoto huyu anavyoongea,” shangazi Zaituni alimwambia Zuena. “Hawa wetu wanachanganya Kirundi na Kifaransa mpaka unasahau walianzia wapi.”

Watu wazima walicheka. Swabra hakucheka.

Baada ya chakula, Raissa alileta simu ambayo kaka yake Houssein alikuwa amemwachia. Houssein alikuwa mwalimu wa kompyuta katika shule moja ya sekondari pale Muyinga. Raissa alipougua malaria na kulazwa hospitalini kwa muda mrefu, Houssein alimnunulia zawadi ya kumfariji: kadi ya kidijitali ya mwimbaji Keza Ruvubu. Ilikuwa picha inayotembea. Keza alizunguka polepole katika vazi la bluu, na chini yake palikuwa na namba ya kadi. Kadi za namna ile zilitolewa chache, kila moja na namba yake.

“Iko ndani ya pochi yangu,” Raissa alisema. “Si pochi ya kushika mkononi. Ni pochi ya kidijitali.”

“Na mi naweza kupata moja?” Swabra aliuliza.

“Ziliisha zote. Vumilia alikuwa wa kwanza kuiona, siku ileile niliyotoka hospitali.”

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomchoma Swabra. Siku ile yeye alikuwa Gitega, anashona vifungo.

Kesho yake asubuhi, mabinamu hao wawili walikuwa wakiosha vyombo. Raissa alikuwa akisemasema kwa sauti ya chini, maneno ya Kiingereza yasiyo na maana yakifuatana.

“Unasoma nini?” Swabra aliuliza.

“Ni maneno ya siri ya pochi yangu. Ni kumi na mawili. Kaka aliniambia niyashike kichwani, nisimwambie mtu yeyote. Nikiyasahau, kadi inapotea.” Kisha akaendelea kuyarudia huku akisugua sufuria. Kwake, Swabra hakuwa “mtu yeyote”. Alikuwa pacha wake.

Hata masufuria hayajaisha, maneno yale yalikwisha kuingia katika kichwa cha Swabra pia. Hakuwa amekusudia. Lakini hakusema kwamba ameyashika.

Aliporudi Gitega, alikaa siku chache tu. Kisha akaweka programu ya pochi kwenye simu ya mama, akaandika maneno kumi na mawili kwa mpangilio wake. Pochi ikafunguka. Keza Ruvubu akatokea mbele yake, akizunguka katika vazi lake la bluu.

“Sijachukua kitu,” Swabra alijiambia. “Kadi bado iko kwake. Mi ninaiangalia tu.”

Lakini hakuiangalia peke yake. Aliwaonyesha wasichana wa mtaani, na walipouliza ni ya nani, alijibu, “Ni yangu.” Walimzunguka, wakamwomba awaonyeshe tena. Kwa siku kadhaa alitembea kama mtu aliyevaa nguo mpya.

Kisha Raissa akatuma picha. Yeye na Vumilia walikuwa wamesimama mbele ya nyumba, wamevaa sare ya kitenge cha majani ya kijani. Swabra alikitambua kitenge hicho mara moja. Mama yake ndiye aliyempa Raissa siku ya Idi. Raissa alikuwa amekigawa nusu kwa nusu na Vumilia.

Swabra aliitazama picha hiyo muda mrefu. Jioni hiyohiyo, akiwa bado na kinyongo, aliona tangazo kwenye simu. Lilikuwa na uso wa Keza Ruvubu na maneno haya: kila mwenye kadi atapewa kadi ya dhahabu bure, leo tu, akiandika maneno yake ya siri kuthibitisha pochi yake.

Kadi ya dhahabu. Raissa hakuwa nayo, wala Vumilia hajawahi kuiona. Swabra aliandika maneno yote kumi na mawili. Ukurasa ukasema asubiri. Akasubiri. Alipofungua pochi tena, hapakuwa na kadi ya dhahabu, wala ya bluu. Hapakuwa na kitu.

Akaifuta programu ile, akairudisha simu mezani kwa mama yake.

Siku ya pili yake shangazi Zaituni alipiga simu. Zuena alikuwa akipanga vitenge, hivyo aliweka sauti ya nje, na Swabra akasikia yote.

“Ile kadi ya Raissa imeibwa,” shangazi alisema. “Na mwizi tunamjua. Ni yule Vumilia. Ni yeye aliyekuwa amekaa na simu ile kila siku.”

“Mmehakikisha, wifi?” Zuena aliuliza.

“Ni nani mwingine? Nimemkataza kurudi hapa.”

Swabra aliona haya baadaye kukumbuka alivyojisikia wakati ule. Kwanza alipata nafuu. Kisha akapata furaha, ndogo lakini tamu: Vumilia ameondoka. Raissa naye akaichukua simu, akasema kwa sauti iliyojaa machozi, “Swabra, mi sina rafiki tena ila we.”

Hayo ndiyo maneno aliyoyatamani tangu Idi. Sasa ameyapata, naye akainama kukunja kitenge kilichokuwa kimekwisha kukunjwa.

“Baba yake Vumilia alimleta hapa,” shangazi aliendelea aliporudishiwa simu. “Akampigisha magoti mbele ya majirani aombe msamaha. Mtoto akasema ‘Sikuchukua’, basi. Sasa sokoni wanasema watu waliotoka Tanzania hawaaminiki.”

Alasiri ile Swabra alishona vifungo vya shati zima upande usio wake. Mzee Othmani alilichukua shati, akaligeuza, akamtazama binti yake.

“Una nini?”

Swabra alimwambia. Alianza na masufuria, akamaliza na ukurasa uliosema asubiri. Baba yake alichukua wembe, akaanza kufumua vifungo, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kilipotoka Swabra aliona afadhali angepigwa.

“Umefanya vizuri kuniambia,” baba alisema mwishowe. “Lakini si mimi niliyechafuliwa jina.”

“Tumpigie wifi simu sasa hivi,” alisema Zuena aliyekuwa amesimama mlangoni.

“Mtoto wa watu alipigishwa magoti mbele ya macho ya watu,” Mzee Othmani akajibu. “Kwa simu haitoshi. Jumamosi tunakwenda Muyinga.”

Jumamosi hiyo, katika ua wa shangazi Zaituni, walikusanyika Raissa, kaka yake Houssein, na majirani wawili waliokuwapo Vumilia alipopigishwa magoti. Manase alifika na Vumilia kwa sababu Mzee Othmani mwenyewe alikwenda kuwaomba waje. Swabra alisimama.

“Vumilia hakuchukua kitu. Ni mimi. Niliyasikia maneno ya Raissa, nikayashika. Nikafungua pochi yake, halafu nikayaandika kwenye tangazo la kadi ya dhahabu, kumbe ni la wezi.”

Raissa alimtazama kama mtu anayemtazama mgeni.

“Kwa nini?”

“Niliona wivu.”

“Wa kadi?”

“Wa kadi kidogo,” Swabra alisema. “Zaidi ni wa Vumilia. Niliona amekaa mahali pangu.”

Vumilia akasema, akimwelekea shangazi Zaituni, “Mimi nilisema sikuchukua. Hakuna aliyeniuliza mara ya pili.”

Shangazi Zaituni aliinamisha kichwa. Alimwendea, akamshika mikono yote miwili. “Nisamehe, mwanangu. Nawe Manase, nisamehe.”

“Kosa langu linazidi lenu,” Manase alisema kwa sauti nzito. “Nyinyi ni majirani. Mimi ni baba yake, na sikumsikiliza.”

Raissa alimgeukia kaka yake. “Haiwezi kurudi?”

Houssein alifungua simu yake, akawaonyesha mistari ya herufi na namba. “Hapa kila mtu anaweza kuona kadi ilitoka wapi ikaenda wapi. Imeingia pochi ya mtu tusiyemjua, na huyo keshaiuza. Hakuna ofisi ya kwenda kulia, wala mkubwa wa kuamuru irudishwe. Ikishaondoka, imeondoka.”

“Lakini picha yake mbona bado ninayo?” Vumilia aliuliza. “Raissa alinitumia zamani.”

“Swali zuri. Mtu yeyote anaweza kumpiga picha mbuzi wa baba yako, sivyo? Lakini mbuzi ni wa baba yako. Kadi hizi ziko hivyo. Picha inaonwa na wote. Unachonunua ni maandishi yanayosema kwamba ile namba ni yako. Hununui wimbo wa Keza, wala huruhusiwi kuchapisha sura yake kwenye nguo ukauza. Na pochi yenyewe haihifadhi picha, inahifadhi ufunguo. Maneno kumi na mawili ndiyo huo ufunguo. Anayeyajua ndiye mwenye mali. Hata Keza mwenyewe hana sababu ya kukuuliza. Anayeuliza ni mwizi, hata akivaa uso wa Keza. Ukiona tangazo kama lile, kwanza nenda kwenye ukurasa wake halisi. Nimeangalia sasa hivi: hakuna kadi ya dhahabu popote.”

Akaongeza, “Na mimi nina sehemu yangu. Niliinunua nikidhani thamani yake itapanda, kwa kuwa watu walikuwa wanaisifu. Ilianza kushuka mwezi uleule. Pia nilimwachia mtoto ufunguo ambao ungepaswa kukaa kwangu.”

Kisha Mzee Othmani akamwambia binti yake, “Bado hujamaliza. Maneno yalifika sokoni.”

Basi Swabra alikwenda sokoni Muyinga, Vumilia akiwa kando yake. Kwenye kila meza ambayo uvumi ulipita, ya maharage, ya samaki wadogo wa ndagala, ya ndizi, Swabra alisema, “Vumilia hakuiba. Nilikosa mimi.” Wengine walitikisa kichwa tu. Mama mmoja aliyeuza mihogo alisimama, akampa Vumilia mkono, akamwambia, “Nilikusema vibaya, binti yangu.” Hapo ndipo Vumilia alipolia, kwa mara ya kwanza tangu alipopigishwa magoti. Swabra alisimama karibu naye mpaka alipomaliza.

Raissa hakumkumbatia Swabra siku ile, wala hawakulala kitanda kimoja. Lakini asubuhi ya kuondoka alitoka mpaka barabarani. “Nimekasirika bado,” alisema. “Likizo uje. Nitakuwa nimekasirika kidogo.”

Gari lilipoanza kupanda kilima kuelekea Karuzi, njia ya kurudi Gitega, Swabra alikuwa ameegemea dirisha.

“Baba,” aliuliza, “nitawezaje kuacha wivu?”

“Hata mimi hunijia,” Mzee Othmani alisema. “Fundi mwenzangu akipata wateja wengi, nauona unakuja. Kuja kwake si dhambi. Ubaya ni kuuficha na kuulisha. We ulitaka Raissa awe na vichache: kadi isiwe yake, rafiki asiwe wake. Mtu anayempenda mwenzake hamhesabii marafiki. Siku nyingine ukiusikia unakuja, useme mapema, kwangu au kwa mama yako, wivu wenyewe ungali mdogo. Ukishasemwa hauna nguvu ya kufungua mlango wa mtu.”