Siri Isiyokuwa Yake

Kila siku baada ya masomo, Kalamu alipitia kwenye chumba cha kazi cha mama yake. Mama alikuwa fundi cherehani. Yeye alipima, binti akaandika: bega, kifua, kiuno, urefu wa mkono. Wateja ndio waliompa msichana huyo jina la Kalamu, kwa kuwa hakukosa kalamu nyuma ya sikio. Wengi walidhani mama anamzoesha mtoto kazi. Ukweli ni kwamba mama hakujua kusoma wala kuandika, na aliyelijua hilo ni binti yake peke yake.

Kalamu alikuwa na rafiki wa kufa na kuzikana, ambaye darasa zima lilimwita Kicheko. Walikaa dawati moja na kugawana hata kifutio. Siku moja Kicheko alimnong'oneza kwamba alihamia shule hii kwa sababu alirudia darasa mara mbili kule alikotoka, na hakutaka mtu ajue. Kalamu, kwa kutaka kuonyesha kwamba naye anamwamini mwenzake, akamweleza habari ya mama yake. Wakaapa kufunga midomo.

Muhula uliofuata, mwalimu alitafuta mwanafunzi wa kuiwakilisha shule katika mashindano ya kusoma kwa sauti. Wote wawili walijaribu, akachaguliwa Kalamu. Wakati wa mapumziko, wenzao walipomzunguka kumpongeza, Kicheko alisema mbele ya wote, bila hata kutabasamu:

"Mnampongeza bure. Mama yake hajui hata kuandika jina lake."

Wapo waliocheka, wapo waliotazama chini. Maneno yenyewe hayakumchoma Kalamu kama kule kujua yametoka kinywani mwa nani.

Mchana ule aliingia kwa mama kimyakimya, akakaa kwenye kona, akachomoa karatasi daftarini. Aliandika kwa herufi kubwa kila alichoambiwa na Kicheko. Alikusudia kuibandika kwenye mlango wa darasa asubuhi, kabla ya kengele. Mama alimwona anavyoikandamiza kalamu mpaka karatasi inatoboka. Akasimamisha cherehani.

"Nisomee ulichoandika, mwanangu."

Kalamu angeweza kusoma chochote. Angesema ni kazi ya hesabu, na mama angeitikia kwa kichwa. Lakini mama alikuwa akiyategemea macho yake miaka yote, kwa kila barua na kila kipimo, na Kalamu hakuwahi kumsomea uongo. Akasoma kama ilivyo, neno kwa neno.

Mama akauliza Kicheko amemkosea nini. Kalamu akaeleza yaliyotokea wakati wa mapumziko, na alipofika kwenye yale maneno aliinamisha kichwa. Mama alizungusha uzi kwenye kidole.

"Yeye alijuaje?"

Kalamu hakuwa amejiuliza swali hilo. Tangu asubuhi alikuwa akijihesabu kuwa yeye ndiye aliyesalitiwa.

"Nilimwambia mimi, mama."

Mama hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Aligeukia dirishani, akafuta macho kwa kipande cha kitambaa, kisha akarudi kwenye kazi. Kalamu akaichana ile karatasi vipande vipande. Mteja alipoingia, mama alimwomba aandike vipimo vyake mwenyewe, na Kalamu akabaki ameketi kama mgeni.

Kesho yake alimsubiri Kicheko kwenye lango la shule. Alimweleza kwamba alikuwa ameandika siri yake ili aibandike, na kwamba ameichana.

"Umeniumiza," alisema. "Na mimi nimemuumiza mama. Sitaki aongezeke wa tatu."

Kicheko alijiinamia, akalia. Alikiri kwamba wivu ulimkaba siku ile, na hata yeye hakuamini maneno yalipomtoka. Akaomba msamaha. Kalamu akamwambia wa kuombwa kwanza ni mama.

Mchana wakaenda pamoja. Kicheko alimwamkia mama, kisha akalisema kosa lake bila kuzungukazunguka. Kalamu naye akaomba radhi. Mama aliwakalisha wote wawili juu ya furushi la vitambaa.

"Mimi sitaficha tena," alisema. "Wiki ijayo naanza darasa la watu wazima, na wakinicheka nitacheka nao. Lakini nyinyi nisikilizeni. Mtu akikupa siri, amekupa kitu chake umtunzie. Hakijawa chako, hata umpende vipi huyo unayetaka kumpa. Na mtu akikuumiza, usikubali akuachie tabia yake. Jana mwanangu alishika karatasi ambayo mimi nisingeweza kuisoma, akanisomea ukweli uliomwaibisha mwenyewe. Nimeumia, sikatai. Lakini nimejua nimemlea nani."