Aliyesimama Katikati ya Bafle Mbili

Jumamosi ile Kitshanga ilikuwa na mambo yake ya kila Jumamosi. Ng'ombe walishuka sokoni, pikipiki zikapiga honi hadi masikio yakachoka, na waliokimbia vita vilimani wakatandaza maturubai yao kwenye mteremko uleule wa wiki iliyopita. Vestine alikuwa uani akichambua maharage wakati fundi Léonard alipoingia na bafle mbili, yaani yale masanduku ya sauti, moja kila kwapa.

Mume wake Jérôme, mwuza vitenge kutoka Butembo, alikuwa ameingoja siku hiyo kama mtoto anavyongoja Noeli. Kaseti aliyotaka kuisikiliza ilikuwa moja tu: kwaya ya parokia yao kule Butembo, iliyorekodiwa mwaka mmoja kabla mke wake wa kwanza, Kaswera, hajafariki. Kwenye redio ndogo waimbaji arobaini walisikika kama uji uliovurugwa. Jérôme alitaka kumsikia mmoja, Kaswera.

Vestine alijua. Nani asingejua? Miaka mitatu ya ndoa, na mwanamume hajamwita kwa jina lake hata mara moja. "Mama," basi, kama anavyowaita wateja dukani. Jina la Kaswera, hilo lilimtoka hata usingizini. Ukewenza na aliye hai una nafuu: mtarushiana maneno, mtanuniana, siku moja atakuja kuazima chumvi. Marehemu hakosei, hazeeki, haunguzi maharage. Vestine alimwonea wivu, na sisemi hivyo kwa kupamba.

Léonard alifunga redio ya gari kwenye betri, akaweka bafle moja kushoto, nyingine kulia, kisha akavua waya ngozi zake kwa meno.

"Nyekundu ku nyekundu, nyeusi ku nyeusi," alisema. "Ukigeuza ku bafle moya tu, sauti ya mu katikati inapotea."

"Inaenda wapi?" Vestine aliuliza.

"Sijuwe, mama. Haifi. Inakosa tu fasi ya kusimama."

Kaseti ikaanza. Kwaya ilifunguka sebuleni, huyu kushoto, yule kulia, kila mtu mahali pake. Na katikati, juu ya meza tupu, alisimama mwanamke akiimba. Vestine alinyoosha mkono. Hapakuwa na kitu. Sauti ilikuwa palepale, kimo cha mtu, ikivuta pumzi kabla ya kila ubeti.

"Njo yeye," Jérôme alisema, yaani ndiye, machozi yakimshuka.

Tangu hapo, kila alasiri alipofunga duka aliketi uso ukielekea ile meza. Siku moja Vestine akapita mbele yake na sahani ya sombe, yaani kisamvu.

"Mama, usipite mu katikati pale," Jérôme alinong'ona. "Uko unamukanyaga."

Uso wa Vestine uliwaka. Yeye mwenye nyama na damu azunguke ukutani, aipishe sauti? Alilala na neno hilo, akaamka nalo.

Asubuhi, Jérôme alipokwenda dukani, alipiga magoti nyuma ya bafle ya kushoto akabadilisha waya. Nyekundu kwenye nyeusi, nyeusi kwenye nyekundu.

Alasiri Jérôme akaweka kaseti. Kwaya iliimba, nyembamba, imetawanyika. Katikati palikuwa pakavu. Akasogeza kiti. Akaipuliza kaseti. Akageukia ukuta mmoja, akageukia mwingine. "Kaswera? Uko wapi?" Jikoni, Vestine alicheka ndani ya kitambaa chake cha kichwa. Alifurahi, jamani, sitamficha, alifurahi kabisa.

Kesho yake alikuwa peke yake, anatwanga sombe. Redio imezimwa. Akasikia mtu akivuta pumzi.

Nyuma ya sikio lake.

Aligeuka. Sufuria, kuni, ukuta. Akatwanga tena. Ubeti ukaanza polepole, karibu sana, kama wanawake wawili wanavyoimba wakitwanga katika kinu kimoja. Akakimbilia chumbani. Sauti ilikuwa chumbani. Akajifunika blanketi. Ilikuwa ndani ya blanketi.

Alirudi sebuleni mbio akarudisha waya. Ncha za waya zilimchoma vidole hadi vikatoka damu. Nyekundu kwenye nyekundu. Nyeusi kwenye nyeusi. Akawasha kaseti. Kwaya ilikuwa kamili, kila mtu mahali pake, isipokuwa katikati. Pale palikuwa na pengo, upana wa mabega ya mtu.

Akaingia kwenye lile pengo. Kwa nini? Jirani yake Nyiraneza anasema alishikwa na wazimu. Mimi nadhani alichoka kuzungukia ukutani. Alisimama mbele ya meza, akakitazama kiti cha mumewe, na kwaya ikamfunga pande zote mbili.

Mlango ukafunguka. Alikuwa Jérôme.

"Papa, nimekosa, unisamehe," Vestine alitaka kusema. Maneno yalitoka kwa Kinande, lugha ya kule Butembo. Naye, binti wa wakulima wa Masisi, hakujua neno hata moja la Kinande.

Kofia ilimwanguka Jérôme. Alimtazama usoni: paji, macho, kinywa. Alimtazama jinsi Vestine alivyoomba kutazamwa miaka yote mitatu.

"Kaswera," alisema.

Vestine alitaka kupiga kelele: mimi ni Vestine! Alisikia kinywa chake kikicheka, kwa upole. Alikisikia kikisema jambo lililomfanya Jérôme apige magoti. Kisha akaanza kuyasikia hayo yote kwa mbali. Kutoka upande wa kushoto.

Wiki ya pili risasi zilifika Kitshanga. Watu walikimbia, wengine wakashika njia ya Pinga kuelekea Walikale. Nyiraneza aliwaona Jérôme na mkewe wameshikana mikono kati ya watu wanaolia, mwanamke akiimba kwa Kinande kama anayekwenda harusini. Redio na betri walibeba. Bafle waliziacha.

Ile ya kulia iliibwa. Ya kushoto anayo Nyiraneza, anaweka ndoo ya maji juu yake. Haijafungwa kwenye kitu chochote. Waya zake mbili zinaning'inia tu. Kila asubuhi kitambaa cha mbele kimelowa, kwa ndani. Anakianika juani, kesho kimelowa tena. Hilo ameshalizoea. Anatuomba jambo moja tu tukimtembelea: tusitaje jina la Vestine ndani ya nyumba. Yeye mwenyewe alilitaja mara moja, akiongea na shemeji yake. Kitambaa kilisogea mbele taratibu, kama kifua cha mtu anayevuta pumzi ili aitike.

Hakijarudi nyuma mpaka leo.