Kitambaa cha Macho cha Bashiri

Wanaosema majini hutembea usiku tu hawajaolewa na mlinzi. Mwajabu alikuwa mke wa mlinzi, na la kwake lilimjia saa tano asubuhi, jua likiwaka, yeye akipepeta uwele mlangoni.

Bashiri mumewe alikuwa amelala chali, kitambaa cheusi kimemfunika macho, mikono kifuani. Alikuwa amelala kwelikweli, mdomo wazi, pumzi nzito. Mwajabu aliingia kuchukua kibuyu cha maji miguuni pa kitanda. Alipopita, uso wa Bashiri uligeuka. Alipoinama, uso ukainama. Alipokwenda kona ya pili kutafuta kata, uso ule ukamfuata taratibu mpaka konani, ukatulia alipotulia yeye.

"Bashiri?" aliita kwa sauti ndogo. "Umeamka?"

Bashiri alikoroma.

Mwajabu alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayejipa moyo, akatoka na kata yake. Alijiambia ni joto. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu, na yeye alikuwa nayo kubwa: tangu waje Dodoma, hizi ndizo siku za kwanza mumewe kupata usingizi.

Walitoka Kondoa mwaka ule reli ilipofika, Wajerumani wakisaka watu wa kazi kila kijiji. Bashiri akapewa ulinzi wa usiku, kuchunga tangi la maji na marundo ya kuni za gari moshi. Kazi nyepesi kwa mikono, nzito kwa macho. Mchana ndio ulikuwa usiku wake, na mchana wa Dodoma hauna huruma. Kibanda walichopewa kilijengwa kwa mabati yaliyokwisha tumika, na kila tundu la msumari liliingiza uzi wake wa jua. Bashiri akikwepa mmoja, mwingine ulimchoma jichoni. Wagogo wenyewe walilala kwenye matembe ya udongo yenye giza tele, lakini watu wa reli walikaa kwenye mabati ya reli. Ndiyo amri.

Mwezi wa pili alisinzia kazini. Mnyapara Mustapha alimkuta ameegemea tangi, kandili imezimika. Asubuhi akalazwa kifudifudi mbele ya wenzake, akala hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, bwana mmoja wa Kijerumani akivuta kiko chake pembeni.

"Mara ya pili," bwana yule alisema kwa Kiswahili safi, "mnyororo."

Mwajabu alikuwa amewaona watu wa mnyororo, wamefungwa shingo kwa shingo, wakivunja kokoto juani. Ndipo alipoanza kutafuta kitambaa cha kumfunika mumewe macho.

Alianza na kaniki. Rangi yake mpya ilitoka kwa jasho, Bashiri akaamka uso umekuwa wa buluu kama aliyekabwa. Nguo ya merikani ilikuwa nyepesi mno, jua lilipita bila hodi. Ngozi ya mwanambuzi ilikuwa na giza zuri, lakini iliwasha na kunuka, na Bashiri akaota mbuzi mchana kutwa. Akakikunja kilemba cha harusi mara nne, kikawa kizito kikamziba pua. Katika kuhangaika huko Mwajabu akajifunza mambo ambayo hakufundishwa na mtu: kwamba kitambaa kisigandamize kope, kwamba kamba ikibana kichwa huuma na ikilegea huteleza, na kwamba jua lina hila, hujipenyeza pale penye mfereji wa pua.

Yote hayo alimsimulia jirani yake Loisi. Loisi alikuwa Mgogo aliyebatizwa misheni, mke wa Seth wa genge la kutandika reli, na vibanda vyao vilitenganishwa na bati moja tu. Yeye ndiye aliyempaka Bashiri mafuta ya nyonyo mgongoni baada ya viboko. Bakuli la mti la Mwajabu halikukaa kwao wala kwa mwenzake: leo limekwenda na mlenda, kesho limerudi na karanga, maana chombo cha jirani hakirudishwi kitupu.

"Dada," Loisi alimtania, "unamtafutia shemeji kitambaa au mke wa pili?"

Siku moja Mwajabu akitoka kisimani, mahali reli inapokatana na njia ya zamani ya misafara ya Kondoa, aliona furushi dogo jeusi kati ya mataruma yanayobeba reli. Lilikuwa la mahameli, laini kama sikio la paka mchanga, limefungwa kwa uzi wenye mafundo saba.

Kila mtoto wa nchi ile anajua kwamba kitu cha njia panda hakiokotwi. Mwajabu alijua vizuri kuliko wengi. Kwao Kondoa aliwahi kuzunguka shamba zima kukwepa kuku wa kuchemshwa aliyewekwa njia panda. Lakini hapa aliona njia moja tu. Ile nyingine ilikuwa chuma cha Mjerumani, na chuma si njia. Aliinama, akaokota, akafungua mafundo, akakung'uta majivu na unyoya mmoja, na nyumbani akakifua kitambaa mara mbili. Loisi hakuambiwa. Mwajabu alichelea angeomba kipande.

Akakishona kwa ustadi wake wote, akaacha nafasi ya kope, akajaza sufi penye pua. Bashiri alikivaa, akasema, "Mke wangu, hapa hata Mjerumani mwenyewe angelala," na kabla ya kumaliza kucheka alikuwa amekwisha lala.

Hiyo ilikuwa siku ya kwanza. Siku ya tatu ndipo uso ulipomfuata konani.

Siku ya tano Bashiri aliketi kula, akatia mkono pembeni ya sahani ya ugali. Siku ya sita aliuliza, "Leo kuna ukungu?" na ilikuwa kiangazi kikavu, mbingu haina hata wingu la kuombea. Mwajabu alimshika kidevu akamgeuzia kwenye mwanga. Weusi wa macho yake ulikuwa umepakwa kitu kama maji ya wali.

"Usikivae leo," alimwambia.

"Nisikivae, nisinzie, nifungwe mnyororo?" Bashiri alifoka, yeye ambaye hakuwahi kumfokea. "Nipe!"

Akampa. Kuku wakaacha kuingia kibandani, na ndani mkaanza kunuka udongo uliorowa mvua, katika nchi ambayo haijaona tone kwa miezi mitano. Mwajabu aliogopa sasa, aliogopa hadi vidole vya miguu, na kwa kuwa mwenye hofu hupenda kuhakikisha kile kinachomtisha, alitoka kwa kunyata, akazunguka nyuma ya kibanda akitambaa kwa magoti ili kivuli chake kisipite kwenye matundu, akachagua tundu moja dogo karibu na ardhi ambalo hakuna mtu angelifikiria, akaziba pumzi, akaweka jicho lake hapo, akaona kitanda, na miguu ya mumewe, na kifua kikipanda na kushuka, na uso umegeuzwa tayari kulielekea tundu lile lile, na kitambaa, pale macho yanapokuwa, kikabonyea kikainuka, kikabonyea kikainuka, kama kope za mtu anayepepesa.

"Mwajabu," mdomo wa Bashiri ulinong'ona kwa sauti isiyo ya Bashiri. "Mbona unajificha?"

Hakungoja wala hakuvaa viatu. Alikimbia mpaka nyuma ya kilima kwa mganga Matonya, akamkuta zizini akimtoa ndama kupe.

"Mbukwa, baba," alimsalimu kwa Kigogo kidogo alichokijua.

"Mbukwa. Miguu yako ni mizima. Mgonjwa ni nani?"

Mwajabu akaeleza yote, akihema. Matonya hakuinua kichwa mpaka aliposikia habari ya mafundo.

"Yalikuwa saba?"

"Saba."

"Hilo jini ni langu," akasema, kama mtu aliyeonyeshwa jembe lake lililopotea. "Nililitoa kwa mwanamke wa Makutupora. Nikalitupa njia panda."

"Pale si njia panda, baba. Pale ni reli."

"Watu hawapiti?"

"Wanapita kwa gari moshi."

"Basi ni njia. Tena njia nzuri, hupeleka mbali. Siku hizi tunatupa pale wote." Alimminya kupe kwa ukucha. "Jini hilo halina macho. Lina mapenzi. Humpenda aliyeliokota, likatamani kumtazama, na kwa kuwa ni kipofu huazima macho ya mtu wake wa karibu mpaka yaishe."

"Linanitazama mimi?"

"Wewe ndiye uliyeliokota. Mumeo ni dirisha tu."

Mwajabu alipiga magoti kwenye samadi. "Litoe, baba. Nakuomba. Macho yale ndiyo ugali wetu, ndiyo shingo yake."

"Siwezi kulitoa mara mbili. Lirudishe pale pale. Usimpe mtu, liokotwe kwa mkono na kwa hiari. Likipata wa kuliokota litakusahau, na macho ya mumeo yatarudi. Ila sikia vizuri. Kitambaa kile kisiguse uso wake tena. Macho liliyokwisha kuyaachia, likiyapata mara ya pili, haliyaachii."

"Na huyo atakayeokota?"

"Utamchagua wewe?"

"Hapana."

"Basi usiniulize." Akarudi kwa ndama wake.

Mwajabu alikinyakua kitambaa usoni pa mumewe, akafumua kila mshono, akatoa sufi, akakikunja vizuri kama nguo ya dukani na kukiweka kati ya mataruma. Bashiri alikiulizia kila siku. Yeye akajibu kimepeperushwa na upepo, na upepo wa Dodoma ukabeba lawama kama kawaida yake.

Siku sita hakuna aliyekigusa. Wagogo walikiona, wakatema mate na kuzunguka. Bashiri alikwenda kazini kwa kupapasa, na usiku wa sita akaipigia saluti nguzo akidhani ni bwana mkubwa. Wenzake wakacheka. Mnyapara Mustapha hakucheka.

Siku ya saba Mwajabu alijibanza nyuma ya rundo la kuni, jua la utosi, akiomba Mungu alete mtu yeyote. Mungu akaleta. Loisi alikuja na mtungi kichwani, anaimba wimbo wa kanisani, akafika relini, akasimama. Aliyefundishwa misheni kwamba vitu vya njia panda ni hofu za gizani haoni sababu ya kutema mate. Aliinama bila kumwaga tone la maji, akakigusisha kitambaa shavuni, akatabasamu.

Mwajabu angeweza kusema maneno mawili tu: Loisi, acha. Yalikuwa yamefika ulimini. Aliikumbuka mikono ile ikimpaka mumewe mafuta, akaikumbuka na shingo ya Bashiri, kisha akajitia ncha ya kanga mdomoni na kuuma. Loisi akakitia kitambaa kibindoni, akaenda zake na wimbo wake.

Kabla ya alasiri Bashiri aliketi kitandani, akapitisha mkono kwenye uzi wa jua, akaugeuza huku na huku.

"Mwajabu," akasema, "mbona umekonda hivyo?" Kisha akalia, na mkewe akalia, wakashikana pale chini wakilia na kucheka. Ilikuwa furaha ya kweli. Siwezi kusema kwamba haikuwa, ingawa ningependa.

Siku mbili Mwajabu alimkwepa jirani yake. Siku ya tatu alikwenda kisimani kwa njia ndefu, asipite relini, akachelewa kurudi. Jua lilikuwa limesimama. Mlangoni pake palikuwa na bakuli lake la mti, limeoshwa, limefunikwa kifudifudi.

"Dada!" Loisi aliita kutoka kwake, mikono imejaa unga. "Bakuli lako hilo, wala sikulirudisha tupu. Nimeokota kitambaa laini, laini! Nikamkumbuka shemeji na shida yake. Nimekishona siku mbili, nikaacha nafasi ya kope kama ulivyosema, na penye pua nimeweka sufi. Amefurahi huyo! Kasema kinafanana na kile kilichopeperuka. Amelala kama mtoto."

Mtungi ulimponyoka Mwajabu, ukapasuka, maji yakanywewa na vumbi. Ndani mlinuka udongo uliorowa. Alikivuta kitambaa usoni pa mumewe kwa nguvu hata kamba ikakatika, na chini yake macho yalikuwa wazi, meupe yote, meupe kama maziwa.

"Bashiri," alinong'ona. "Bashiri, niangalie."

Alisimama kulia. Akasimama kushoto. Uso haukumgeukia. Ulikuwa umeelekea ukutani, kwenye bati lile moja, na nyuma ya bati Loisi alikuwa akiimba, akitoka mafigani kwenda kwenye mtungi, akitoka kwenye mtungi kurudi mafigani, na uso wa Bashiri ulikwenda naye na kurudi naye, polepole, na kinywa chake kilikuwa kinatabasamu.

Mwajabu alisogea, akasimama katikati, baina ya uso ule na ukuta. Uso ukainama pembeni kidogo, kama mtu aliyezibwa, ukaendelea kutazama.